Tutaipimaje Kazi ya Mtumishi wa Maendeleo?

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka jana, katika mkutano kama huu, mzee mmoja aliyeketi safu ya mbele alisimama akauliza neno ambalo halikupata jibu. Alisema, "Chama chatoa posho kila mwezi kwa yule binti wa maendeleo aliyeko nyumbani Machakos. Nami natoa ada yangu bila kukosa. Matunda yake yako wapi?" Bwana Mwenyekiti alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi niandikaye taarifa za kila mwaka. Nikafungua daftari nikasoma: mikutano kumi na minne, mafunzo ya kilimo matatu, ziara za nyumba kwa nyumba kadha wa kadha. Mzee akanisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuuliza matunda, nawe wanihesabia majani." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini usiku ule sikulala vyema.

Halmashauri ikaniamuru niitumie likizo yangu kwenda nyumbani kuichunguza kazi hiyo kwa macho yangu. Leo naleta habari nilizozipata. Naomba mzisikilize kwa subira, maana baada ya chai mtapiga kura juu ya hoja ya kuikomesha posho ile na kuzitumia fedha zake kujengea ukuta na lango la ukumbi wetu wa nyumbani.

Kabla ya kusafiri nalikaa jioni kadhaa katika maktaba nikisoma jinsi kazi hii ilivyoanza, kwa sababu sikutaka kwenda kumpima mtu kwa kipimo nisichokijua. Mwaka 1908, katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia huko Marekani, mwalimu mmoja mwanamke wa watu weusi, jina lake Virginia Randolph, alianza kuzizungukia shule ndogo za mashambani. Aliwasaidia walimu wenziwe, akawafundisha watu usafi wa nyumba, bustani na kazi za mikono. Mshahara wake ulitoka katika mfuko uliotolewa mwaka 1907 na bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924, naye Dakta Aggrey wa Gold Coast akiwa miongoni mwa wajumbe wake, njia hiyo ilisifiwa, na mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Jeanes pale Kabete. Mwalimu aliyekwenda kusoma Kabete alikwenda pamoja na mkewe, wote wawili wakafundishwa, kisha wakarudi kuwa mfano kijijini. Baada ya Vita Kuu ya Pili shule hiyo iliwafundisha askari waliorudi pamoja na watumishi wa maendeleo, na kutoka katika kazi hiyo hiyo kilizaliwa chama cha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Mwaka 1961 mahali pale pakawa Chuo cha Utawala, na hata leo watumishi wa Serikali husomea papo hapo.

Jina lenyewe, "maendeleo ya jamii", lilikubaliwa katika mkutano wa maofisa wa makoloni uliofanywa Cambridge mwaka 1948. Kabla ya hapo walisema "elimu ya umma". Nawaambieni haya kwa sababu katika jina hilo mna ubishi ambao haujakwisha hata sasa: ni nani aendelezaye, na ni nani aendelezwaye?

Wazee mliokuwapo mnakumbuka kuliko niwezavyo kusoma. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyoanza mwaka 1952, idara hii hii ya maendeleo ya jamii ilitwikwa kazi ya "kuwarekebisha" watu waliofungwa kambini. Mkuu wake, Bwana Askwith, aliposhitaki kwamba wafungwa walikuwa wakipigwa na kuteswa, aliondolewa katika kazi hiyo mwaka 1957. Sikulitaja jambo hili ili kutonesha kidonda. Nimelitaja kwa sababu mtumishi wa maendeleo, hata awe mwema namna gani, huingia kijijini na kivuli cha yule aliyemtuma. Atakayechunguza kazi yake naye ana kivuli chake. Hilo nalijua sasa, maana nalilipatikania pabaya, kama nitakavyoeleza.

Lakini kwanza tutazame milima yetu wenyewe, kwani Machakos ni mahali ambapo swali la yule mzee limechunguzwa kwa bidii.

Mwaka 1937 ofisa mmoja wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya nchi yetu, akasema kwamba ardhi inageuka kuwa jangwa la mawe na mchanga. Picha zilipigwa za vilima vilivyo vyekundu na makorongo. Mwaka uliofuata Serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu ati mifugo imezidi. Nyote mnajua yaliyofuata: Muindi Mbingu aliwaongoza watu, waume kwa wake, wakaenda Nairobi mwaka 1938, wakakaa huko hata Serikali ikalegeza amri. Yeye akapelekwa Lamu. Baada ya vita ikaja amri ya kuchimba matuta, na watu wakachimba kwa kusukumwa. Ndipo katika miaka ya 1950 watumishi wa maendeleo ya jamii walipoanza kuzitumia mwethya, zile jumuia zetu za kusaidiana kazi, na watu wakachaguliwa kuongoza wenzao, wengi wao wakiwa wanawake. Nchi ilipokuwa ikipata Uhuru, amri ikaondoka, na kwa muda watu wengi wakayaacha matuta, maana yalinuka utawala wa kikoloni. Lau mchunguzi angalikuja katika miaka hiyo, angaliandika kwamba kazi yote ile ilikuwa bure.

Lakini hawakuja wakati huo. Walikuja baadaye, wakachukua zile picha za 1937, wakasimama mahali pale pale mwaka 1991 wakapiga nyingine. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Walikuwa watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, huyu wa mwisho akiwa mwana wa nchi hii. Picha za pili zilionyesha vilima vilivyopandwa miti na kukatwa matuta toka juu hata chini. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hata kufika kama milioni moja na laki nne mwaka 1990, na mazao kwa kila mtu hayakupungua bali yaliongezeka. Matuta yale watu waliyarudia wenyewe, bila amri, walipoona kwamba yanashika maji. Tena hawakuyapenda yale membamba ambayo maofisa waliyapendelea hapo kwanza. Walichagua ya "fanya juu", ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe hujilaza kama ngazi.

Je, sifa hiyo ni ya mtumishi wa maendeleo? Wachunguzi wale hawakusema hivyo, nami nawaheshimu kwa hilo. Walionyesha kwamba kulikuwa na barabara, na soko la Nairobi, na kahawa, na plau, na fedha zilizotumwa nyumbani na watu kama sisi tuliotoka kutafuta kazi. Mtumishi alikuwa uzi mmoja katika nguo. Alileta umbo la tuta na kuamsha mwethya. Waliolitengeneza likawa lao ni watu wenyewe, na iliwachukua miaka mingi.

Basi, nilikwenda nyumbani na karatasi za maswali nilizozipiga chapa mwenyewe. Nilikuwa na barua yenye muhuri wa Chama, na naibu wa chifu alinipa mtu wa kunitembeza. Kila nilipobisha hodi nalikaribishwa kitini, nikapewa chai, nikauliza, "Je, mtumishi wa maendeleo amewaletea faida?" Wote wakajibu, "Faida kubwa, tena mno." Kwa siku tatu nilijaza karatasi zangu, nami nikafurahi. Siku ya nne mama mmoja, ambaye alinyonyesha pamoja na mama yangu, alinisindikiza hata njiani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ni kweli kwamba tukijibu vibaya Chama kitaufunga ule mfuko wa karo?" Nikasimama nisiwe na la kusema. Hakuna hata mmoja aliyenijibu mimi. Walikuwa wakiujibu ule muhuri.

Karatasi zile nilizirudisha mkobani. Nikamwomba yule mtu wa naibu wa chifu arudi kwa shughuli zake, nikaazima jembe, nikaenda kulima na wenyeji. Mtu aliyeinama shambani pamoja nawe haoni haja ya kukupendeza. Wala sikuuliza tena habari za faida. Niliuliza mambo ya kawaida: mwaka wa ukame mlikula nini? Mtoto akipatwa na homa usiku mnakwenda kwa nani kwanza? Yule binti akihamishwa kesho, ni kitu gani kitakachosimama?

Sasa nitawaambieni niliyoyaona, mazuri na mabaya, bila kupanga.

Tangi la maji karibu na shule, ambalo katika taarifa mbili za mwaka nimeliandika "limekamilika", ni kavu. Bomba lilivunjika, na hakuna aliyelitengeneza, kwa sababu hakuna ajuaye ni la nani. Wengine walisema ni la shule, wengine la Chama, na mwalimu mkuu alidhani ni la kaunti. Wazee, tangi lile sisi ndio tuliolipeleka. Hatukumwuliza mtu mahali pa kuliweka. Yule binti alituandikia barua akisema wanawake wanataka kwanza kisima cha mchanga mtoni kitengenezwe, kwa kuwa ndipo wachotapo miezi ya kiangazi. Barua yake ninayo. Niliiweka jaladani nikaisahau, na kosa hilo ni langu mimi, si la Halmashauri.

Ng'ambo ya mto hajafika zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Watu wa kule hawamjui hata kwa sura. Nilipomwuliza hakujitetea sana. Alisema mvua ikinyesha hakuna daraja, na kiangazi hana nauli ya pikipiki. Yawezekana. Lakini nilimwona akipita mahali pengine pasipo na daraja pia, na ninadhani kwamba kule ng'ambo hana ndugu wala rafiki, nasi binadamu hupita njia tuliyoizoea.

Kile chama cha akina mama cha kuweka akiba, ambacho sisi hatukukipa hata senti moja, kinakutana kila Alhamisi chini ya mwembe. Alikianzisha yeye. Sasa hakiongozi, huketi nyuma na mtoto wake, na siku nyingine haji kabisa, na mkutano huendelea. Waliniruhusu nikitazame kitabu chao. Kimeandikwa vizuri kuliko changu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo karatasi zangu zisingalilipata: mtumishi huyu hakuitaja kazi hiyo hata mara moja katika ripoti alizotuletea, kwa kuwa fomu yetu haina nafasi ya kuandika mkutano ambao yeye hakuuhudhuria.

Hata hivyo nilikutana na mjane mmoja jirani na mwembe ule ambaye si mwanachama. Nikamwuliza sababu. Akasema mchango wa kila juma humshinda, na mtu akikosa mara tatu huaibika, basi aliona heri asiingie. Nyumba za namna hiyo si moja. Ukiwauliza wahudhuriaji wa mkutano kama mkutano ni mwema, watasema ndiyo. Yakupasa kubisha hodi kwa wale ambao hawaji. Neno hili lilinigusa, kwani hata Chama chetu hapa mjini hakijapata kuwauliza waliojitoa kwa nini walijitoa.

Juu ya afya nitasema kwa ufupi. Mnajua kwamba Serikali mwezi wa Septemba mwaka 2023 ilizindua wahudumu wa afya ya jamii kama laki moja nchi nzima, kila mmoja akiwekewa nyumba kama mia, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi igawanywe nusu kwa nusu baina ya Serikali kuu na kaunti. Wajumbe wengine wa Halmashauri wamesema kwamba kwa kuwa wapo hao, wetu hana kazi. Nilimkuta mhudumu wa eneo lile, ni mtu mwema na mwenye bidii, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba binti yetu ndiye aliyemwingiza katika nyumba nyingi ambazo zisingalimfungulia mlango. Kazi zao ni mbili. Mmoja hupima joto la mtoto. Mwingine hukaa na majirani hata wakubaliane ni nani atakayempeleka hospitali usiku na kwa fedha gani.

Lakini nisiwape matumaini ya bure. Huko Saradidi, katika wilaya ya Siaya kama ilivyoitwa wakati huo, watu walijitolea katika miaka ya 1980 kugawa dawa ya malaria vijijini mwao. Wenyeji waliipenda huduma hiyo wakaitumia sana. Wataalamu walipohesabu vifo, wakachapisha hesabu yao mwaka 1987, hawakuweza kuonyesha kwamba vifo vilipungua kwa sababu ya dawa zile. Watu kukipenda kitu ni jambo moja, na kitu hicho kufanya kazi tuliyoikusudia ni jambo la pili. Yapasa kuchungua yote mawili. Wala haikuwa aibu kwa watu wa Saradidi. Ilikuwa heshima kubwa kwamba walikubali kuhesabiwa, na ukweli ukaandikwa.

Limebaki jambo la posho. Yule binti hakulitaja. Nililisikia kwa mwenye duka, ambaye humkopesha unga. Mwaka huu uliopita posho yetu ilichelewa mara tatu, na mara moja ilichelewa hata miezi miwili. Nami nimepitia daftari nikaona sababu: Mweka Hazina alikwisha kutia sahihi, karatasi zikakaa mezani pangu zikingoja ripoti ya binti, kwa kuwa kanuni niliyoitunga mwenyewe yasema hapana ripoti, hapana posho. Ripoti hiyo ina kurasa sita. Huiandika usiku kwa taa. Juu yake ana nyingine ya ofisi ya kaunti, na nyingine ya watu wa mradi wa miche. Nilihesabu naye pamoja: katika juma la kazi, karibu siku mbili zilikwenda katika karatasi za kutuhakikishia sisi kwamba anafanya kazi. Na karatasi hizo, Bwana Mwenyekiti, ndizo nilizomsomea yule mzee mwaka jana akaziita majani.

Mnaniuliza rai yangu. Karani hana kura, lakini mmenituma, na si vyema mjumbe arudi na kinywa kilichofungwa. Mimi naona posho isikomeshwe mwaka huu. Ilipwe mwisho wa kila mwezi bila kungoja karatasi. Fomu ya kurasa sita ifutwe, na badala yake mmoja wetu aende nyumbani mara mbili kwa mwaka, bila muhuri, akae siku zisizopungua kumi; na mara moja katika hizo aanzie ng'ambo ya mto. Yule binti aambiwe waziwazi kwamba watu wa ng'ambo nao ni wetu, naye apewe nauli ya kuwafikia. Tangi tuwakabidhi kwa maandishi wale watakaokubali kulitunza, na kama hakuna atakayekubali, tuling'oe tuliuze. Habari ya ukuta na lango sina neno kubwa, ila kwamba nilipokuwa huko sikusikia mtu hata mmoja akiutaja.

Yule mzee aliyeuliza mwaka jana leo hayupo nasi. Ni mgonjwa, yuko kwa mwanawe, tumwombee apone. Nilipita kumwamkia juzi, nikamweleza habari za mwembe na kile kitabu cha akina mama. Aliniuliza kama mjane yule wamekwisha kumwingiza. Nikamwambia bado.

Daftari nililoandika nikiwa nyumbani nimelileta, pamoja na ile barua ya binti niliyoisahau jaladani. Vyote viwili viko juu ya meza ya Mweka Hazina, na mwanachama yeyote atakaye kuvisoma kabla ya kura anakaribishwa.